Ghorofa ya Pili, Upande wa Nyuma

Juma lililopita tulimwacha Mama Theodosia wa Busunzu koridoni, katika hoteli ya Pumziko Jema, Kariakoo, asubuhi na mapema. Mkononi ana ndoo, ndani ya ndoo kuna sabuni, na safari yake ni ya kwenda kuoga. Mlango wa bafu ukafunguka, akatoka mwanaume aliyejifunga taulo tu, mvuke ukimtoka mabegani.

Alikuwa Fidele. Mume wa binti yake Aline. Mkwewe!

Ndoo ikaanguka.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Theodosia alisema.

Wewe unayesoma ukiwa mbali na Kibondo huenda umeshaanza kucheka. Ngoja kwanza. Kwao Theodosia, mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana, hawatazamani usoni. Mkwe akimwona mabukwe, yaani mama wa mkewe, anakuja njiani, huingia majanini ampishe. Na hapo tunamzungumzia mkwe aliyevaa suruali.

Theodosia alijifunika uso kwa khanga, akageukia ukutani. Kumbe ukuta aliougeukia haukuwa ukuta. Ulikuwa mlango wa chumba namba kumi na tatu, chumba cha Fidele mwenyewe. Kijana akaona njia ya kwenda kwake imezibwa na mgongo wa mabukwe. Akatazama huku, akatazama kule. Pembeni ya huo kulikuwa na mlango mwingine uko wazi.

Akaruka. Mlango ukafungwa. Komeo likalia kwaa!

Kilikuwa chumba namba kumi na mbili. Chumba cha Theodosia.

Koridoni ikabaki ndoo imelala ubavu, sabuni ikibingirika.

Aliyepanda ngazi mbio ni Asmahani, dada wa mapokezi, mzaliwa wa mitaa hiyo hiyo ya Kariakoo. Alimkuta bibi amesimama peku, uso kwenye mbao za mlango, khanga imemfunika kama mwali.

"Shikamoo bibi. Umeanguka?"

"Marahaba mwanangu. Sijaanguka. Ameondoka?"

"Nani?"

"Mtu wa taulo."

Asmahani alitazama kila pembe. "Hayupo, bibi."

Theodosia akafunua jicho moja. Akaona mlango wake umefungwa, na alama za miguu iliyolowa zinaelekea ndani.

"Yumo kwangu," alinong'ona. "Mkwe wangu yumo chumbani kwangu!"

"Na nguo zako?"

"Zimo humo. Viatu vimo. Simu imo. Na kitenge cha kumbebea mjukuu kimo."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye uchungu. Theodosia hakusafiri kutoka Busunzu kuja kutazama maghorofa. Alikuja kwa jambo moja. Aline amejifungua mtoto wake wa kwanza, na leo asubuhi, daktari akishapita wodini, wanaruhusiwa. Theodosia alitaka ampokee mjukuu pale mlangoni pa hospitali, ambebe mgongoni mpaka ndani ya nyumba, kama mama yake mzazi alivyombeba Aline. Njia nzima kwenye basi aliomba kitu hicho tu. Akichelewa, mtoto atabebwa na mwingine.

"Basi tumwambie atoke," Asmahani alisema, akagonga. "Kaka! Toka!"

"Nani?" sauti ya Fidele ilitetemeka.

"Asmahani wa mapokezi."

"Mama yuko hapo?"

"Yuko."

"Basi sitoki."

Theodosia akamgusa Asmahani begani. "Mwulize mkwe, kwa nini hayuko nyumbani kwake?"

"Bibi, amekusikia. Mlango wenyewe ni ubao mmoja."

"Najua amesikia. Mwulize tu."

Asmahani akashusha pumzi. "Kaka, bibi anauliza kwa nini hukulala nyumbani kwako."

"Mwambie mama," Fidele alijibu, "nyumba nimemwachia yeye, alale kwa raha. Ufunguo uko kwa jirani. Nilidhani Aline atamwambia akifika wodini kumwona."

"Bibi, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mkwe, mimi nilikuja hapa ili yeye asihame kwake. Nikamwambia Aline nitalala kwa mwenyeji wetu."

"Kaka, bibi anasema..."

"Nimesikia, dada."

Asmahani akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo kwenye nyumba amelala nani?"

Bibi akairudisha khanga machoni.

"Jamani!" Asmahani alijishika mdomo, lakini kicheko kilimponyoka na kushuka ngazi zote. "Nyumba nzima inalaliwa na panya, wenyewe mmekuja kubanana ghorofa moja!"

Theodosia hakucheka. Moyoni lakini kitu kilimlainika. Kijana ameacha kitanda chake kwa ajili yake na hakutangaza. Wapo wanaofanya wema na kuupigia ngoma. Huyu aliufanya akanyamaza.

Lakini iliwezekanaje? Mji wote ule, hoteli zote zile!

Jibu linaitwa Nadine.

Nadine huuza vitenge na mabeseni Kasulu mjini, na siku za gulio hupeleka mzigo mpaka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Kila mwezi huteremka Kariakoo kununua bidhaa, na kila mtu wa kwao anayekwenda Dar hupita kwanza dukani kwake kuchukua ushauri. Theodosia alikaa juu ya beseni lililofudikizwa, akausikiliza ushauri huo kama mahubiri.

"Mama Aline," Nadine alimwambia, "hoteli ya Kariakoo haichaguliwi kwa bango. Chini kabisa usilale, maana kila mpita njia ni mgeni wako, na spika ya jirani italala nawe kitandani. Juu kabisa usilale, maji hayafiki, na lifti ikijisikia vibaya utapanda kwa magoti. Lala ghorofa ya pili. Upande wa mbele usikubali, mikokoteni inaanza kugombana kabla ya alfajiri. Omba upande wa nyuma. Kabla hujakubali chumba, fungua bomba, washa feni, funga komeo uone kama linashika. Koridoni vaa kandambili. Mtu akigonga, usifungue mpaka ataje jina. Na dada wa mapokezi msalimie vizuri, umuulize na watoto wake. Taulo safi zipo, ila hupewa anayesalimia."

Theodosia alifuata yote, isipokuwa kandambili. Kumbe Fidele naye alikuwa amempigia Nadine simu, akafuata yote. Ghorofa ya pili, upande wa nyuma, kuna vyumba vinne tu.

Sasa Theodosia akapata akili. "Mwanangu Asmahani, mimi nitaingia hicho chumba chake nijifungie. Yeye atoke kwangu aende bafuni. Mimi nitabaki humo mpaka umpelekee nguo, nisimwone wala asinione."

"Bibi, ungekuwa waziri," Asmahani alisema, akamfungulia mlango wa kumi na tatu, ambao ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kitasani.

Theodosia akaingia. Akainua macho.

Akakauka.

Kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa ukutani ilikuwa imefungwa kamba. Na kwenye kamba lilining'inia gauni. Gauni la mwanamke! Chini yake kulikuwa na ndara nyekundu, ndogo, za kike.

Ule ulaini wote wa moyo ukaganda. Mke yuko wodini na mshono wa kujifungua, mume yuko hotelini na gauni!

"Asmahani!" sauti ilimtoka Theodosia kama ya mtu anayefukuza ngedere shambani. "Mwulize huyo! Mwulize gauni hili ni la nani!"

Kuta za Pumziko Jema ni nyembamba, swali lilifika bila kubebwa. Upande wa pili nyayo zikaenda dirishani, zikarudi.

"Mwulize tena!"

"Mwambie mama..." Fidele alikwama. "Mwambie mama, tafadhali asiangalie."

"Aaah!" alisema Asmahani, na sasa hata yeye alibadilika uso. "Kaka, mimi nilikuandika hapa kama mtu mwenye heshima zake!"

Akaingia, akalivuta gauni kwa hasira litoke kwenye kamba.

Nyuma ya gauni kulikuwa na nepi. Nepi nyeupe za kitambaa, ndogondogo, zimepangwa kwa mstari kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho. Halafu shuka la wodini. Halafu kitenge cha rangi ya samli chenye ndege wa buluu.

Theodosia alikishika kitenge kile. Alikijua. Alikinunua yeye mwenyewe gulioni Kibondo, akamfunga nacho Aline siku ya kuolewa. Akalitazama tena gauni mikononi mwa Asmahani. La Aline. Na zile ndara zilikuwa za Aline.

"Wodini hakuna pa kuanika," sauti ya Fidele ilisema polepole kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nachukua jioni, nafua alfajiri bafu likiwa tupu, narudisha. Jana nilileta na ndara zake nizisugue, apate safi za kutokea."

"Na nyumbani kwako hakuna kamba?" Asmahani aliuliza.

"Ipo. Ila majirani wangeniona."

"Wangekuona unafanya nini?"

"Nafua nepi."

Theodosia alisogea kwenye kamba. Alishika nepi moja, akaipeleka puani. Haikuwa na harufu ya sabuni. Ilisuuzwa hadi maji ya mwisho yakawa meupe. Zilizokauka zilikuwa zimekunjwa kitandani pembe kwa pembe, kwa mikono isiyozoea, moja moja imepinda, lakini zimekunjwa. Alifikiria wanaume wote aliowajua tangu utoto wake Busunzu, wazuri na wabaya. Hakumwona hata mmoja kwenye ndoo ya nepi.

"Mwambie mkwe," alisema, nepi ingali mkononi, "mwambie sabuni ya mche ni nzuri zaidi kuliko ya unga. Haimchubui mtoto."

"Ahsante, mama," Fidele alijibu, akakumbuka. "Dada, mwambie mama ahsante."

"Basi yaishe!" Asmahani akapiga makofi. "Bibi amejifungia huku. Kaka, toka twende, mtoto anasubiri."

Komeo la kumi na mbili likakwaruza. Likakwaruza tena. Kikafuata kishindo, halafu kilio kidogo cha mtu aliyejibana kidole.

"Dada," Fidele aliita. "Komeo halirudi."

"Bibi! Si ulilijaribu komeo kabla ya kuchukua chumba? Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nililijaribu kufunga," Theodosia alisema. "Nadine alisema nione kama linashika. Likashika. Na jana nilipotoka na kuingia nilitumia ufunguo tu."

Asmahani akashuka mbio kutafuta bisibisi. Huku nyuma wakabaki wawili, kila mmoja chumbani kwa mwenzake, ukuta katikati, wamenyamaza kama watu waliokaa kanisani benchi moja kwa bahati mbaya. Feni ya chumba cha Theodosia ilisikika ikizunguka. Fidele akapiga chafya. Akapiga ya pili.

Mkalimani hayupo. Theodosia akafikiri. Kisha akaigeukia ile kamba ya nguo, akaisemesha kamba.

"Wewe kamba, kule kwenye kiti kuna kitenge cha mtu. Mwenye baridi ajifunike, asiugue na ana mtoto mchanga."

Kiti kikakwaruza sakafu. Halafu sauti ndogo kutoka ng'ambo: "Wewe feni, mwambie mwenye kitenge kwamba mimi siwezi kuvaa kitenge cha mabukwe. Itakuwa aibu."

"Wewe kamba, mwambie aibu ilishapita na taulo."

Msomaji, nakuambia kweli, hata ng'ambo ya ukuta mtu alicheka. Na kitenge kikasikika kinakung'utwa.

Ndipo simu ikalia.

Ilikuwa ya Fidele, juu ya kitanda, katikati ya nepi. Theodosia aliikimbia hadi dirishani kama imemng'ata. Ikalia mpaka ikakata, ikaanza tena. Asmahani alirudi akihema, bisibisi mkononi, akaiinamia.

"Inaandika 'Mama', bibi."

"Usiiguse! Nikipokea, nitamweleza nini mama yake? Kwamba niko chumbani kwa mwanawe?"

Ikakata. Theodosia alisimama akiwaza. Mama yake Fidele ni Dorcas wa Rungwe Mpya, mwanamke mwenye sauti ya kengele, aliyeapa mbele ya ukoo wote kwamba mjukuu wa kwanza wa kiume hatabebwa na mtu mwingine kabla yake. Lakini Dorcas si yuko Rungwe Mpya anapukuchua maharage? Asubuhi yote hii anatafuta nini?

"Asmahani mwanangu, namba ya Nadine unayo?"

"Mteja wangu yule, nitaikosaje?" Akapiga, akaweka sauti juu.

"Asma, mpenzi!" Nadine alipokea, kelele za Kasulu nyuma yake. "Wageni wangu wamelala salama?"

"Ni mimi, Nadine," Theodosia alisema. "Fidele yuko hapa."

Nadine akamgeukia mteja, akamtajia bei ya beseni.

"Nadine!"

"Nipo, Mama Aline. Eh... mmeonana?"

"Kuliko inavyotakiwa! Kwa nini hukuniambia?"

"Alinisihi nisimwambie mtu. Na wewe ulinisihi nisimwambie mtu. Nikaheshimu wote wawili."

"Ukatuelekeza hoteli moja?"

"Mama Aline, mimi sina ushauri wa aina mbili! Ningekupeleka upande wa mbele uje unilaumu kwa mikokoteni? Na kwani hoteli ni nyumba ya mtu? Paa la hoteli halihesabiki."

"Hapa halihesabiki kabisa," Asmahani alidakia. "Chini ya bati hili watu wanajaa mpaka ngazini, wakwe watakosekana?"

Theodosia hakutaka kubishana kuhusu paa. "Nadine, nijibu kitu kimoja. Nani mwingine umemwelekeza hapa?"

"Mmh."

"Nadine."

"Mama Aline, nimeahidi kutosema."

Theodosia akaisogelea simu. "Ni mwanamke?"

"Nimeahidi."

"Ana sauti kubwa?"

Nadine akavuta pumzi ndefu. "Basi lake lilitakiwa lifike alfajiri. Alisema kutoka stendi anakwenda moja kwa moja hospitali. Mama Aline, mimi nina wateja hapa, Mungu akutangulie." Akakata.

Na hapo hapo, chini, mtu akaanza kupanda ngazi.

Hatua nzito, za mtu asiyeombwa kupanda mara mbili. Na pamoja na hatua hizo, kitu chembamba, kikali, kilichomchoma Theodosia katikati ya kifua. Kilio cha mtoto mchanga.

"Wewe kaa hapo chini kwenye kiti, Aline, upumzishe mshono!" sauti ya kengele ilijaza jengo. "Daktari amewaruhusu mapema, na huyu baba yake hapokei simu! Nadine alisema ghorofa ya pili, upande wa nyuma. Namfuata mwenyewe amwone mwanawe!"

Asmahani alifunga mlango wa kumi na tatu, wakabaki ndani wawili. "Kaa kimya, bibi. Atagonga, atachoka, atashuka."

Lakini Dorcas alishauona mlango ule ukifungwa, akaugonga. "Fidele! Mwanangu!"

Theodosia aliziba mdomo kwa khanga.

"Fidele, fungua! Nimekuletea mtu!"

Mtoto akalia tena. Sasa alikuwa karibu, upana wa ubao tu katikati. Theodosia alikisikiliza kilio hicho, na miaka yake yote ya malezi ikamwambia: huyu hana njaa, huyu ameshikwa vibaya, shingo haijaegemezwa. Akifungua, atakutwa chumbani kwa mkwewe, na habari itafika Busunzu kabla yake. Asipofungua, mtoto ataendelea kulia.

Akavuta komeo.

Ajabu ya siku hiyo ni kwamba Fidele naye, chumba cha pili, alikuwa amesikia kilio kile kile. Alirudi nyuma hadi dirishani, akaja na bega lake lote. Komeo likang'oka na misumari yake.

Milango miwili ikafunguka kwa pamoja.

Dorcas wa Rungwe Mpya, vumbi la safari begani, mtoto kifuani, alitazama kushoto. Mama yake Aline alikuwa anatoka chumbani kwa Fidele, peku, khanga begani, gauni la Aline sakafuni nyuma yake. Akatazama kulia. Mwanawe wa kumzaa alikuwa amepiga magoti koridoni, amejifunga kitenge cha kike cha kijani, na kifuani maandishi makubwa yanasomeka: AKINA MAMA WA KWAYA BUSUNZU.

Hata mtoto alinyamaza.

"Nadine hakuniambia haya," Dorcas alisema.

"Mama Fidele, nisikilize," Theodosia alinyoosha mikono. "Mshike kichwa kidogo, shingo yake..."

Dorcas alimkumbatia mtoto kwa nguvu, akageuka. "Aline!" alipiga kelele ngazini. "Simama mwanangu, usikae! Twende zetu! Wewe na mtoto leo hii mnaondoka nami Rungwe Mpya!"

Akaanza kushuka, na mtoto akaanza tena kulia.

Theodosia alitazama miguu yake mitupu. Viatu vyake vilikuwa ndani, nyuma ya Fidele. Asmahani alifungua mdomo atafsiri, lakini hakuna aliyempa cha kutafsiri.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti, Theodosia alimtazama mkwewe usoni, akamwita kwa jina lake.

"Fidele! Mbona umepiga magoti? Kimbia!"

Wakashuka wote wawili, peku, kitenge na khanga, bega kwa bega. Na huko chini, nje ya mlango wa Pumziko Jema, bajaji ikawashwa.